Mshauri na Mlango wa Nne

“Pasipoti ni yangu, Shangazi. Picha iliyo ndani ni ya sura yangu, si yako.”

“Na sura hiyo imelishwa na nani? Imepakwa mafuta ya nani? Ilipokuja hapa ilikuwa na upele mpaka kwenye nyusi.”

“Upele uliisha. Nipe pasipoti.”

“Maliza kichwa cha mwalimu kwanza.”

Mwalimu mwenyewe, aliyekuwa kitini katikati ya vita hivyo, alikuwa amesukwa nusu. Upande wa kulia alifanana na bibi harusi, upande wa kushoto na mtu aliyetoka kuzima moto. Kila Madamu, shangazi mwenye saluni, alipofungua kinywa, msusi alivuta nywele, na kila nywele zilipovutwa, mwalimu alifumba jicho moja na kuomba kimoyomoyo shangazi na mpwa wake wapatane, au angalau wasubiri ashuke kitini.

Msusi huyo mtaa mzima ulimwita Vidole, kwa sababu ndivyo watu walivyokuja kuvitafuta. Mgeni mmoja aliyekuwa likizoni alisukwa naye, akarudi kwao, kisha akapiga simu. Ana saluni huko ng’ambo, kibali cha kazi ameshakiomba na kimetoka, tiketi ameshanunua, ndege ni Jumapili jioni. Kilichobaki ni pasipoti, na pasipoti ilikuwa kwenye droo ya Madamu pamoja na cheti cha chuo cha ususi. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa mtaa ule. Msichana akianza kazi, mwenye saluni humtunzia makaratasi yake yasipotee. Makaratasi hayakupotea, na wasichana pia hawakupotea.

“Vidole hivyo nimevifundisha mimi,” alisema Madamu. “Ukivipeleka ng’ambo, umepeleka mali yangu. Sasa niambie, mgawo wangu uko wapi?”

Karibu na soketi, simu yake ikichaji kwa umeme wa watu, alikaa mwanamume mwenye koti la kijivu na ndevu zilizochanwa vizuri kuliko vichwa vingi vya mle ndani. Mtu mwingine angesikia ugomvi wa ukoo. Yeye alisikia mwanamke anayeamini kwamba anamiliki vidole vya mtu mwingine, na aliyefika hapo kwa kuamini hakosi kusogea hatua moja zaidi.

Alijiita Mshauri. Zamani alipanga chupa za maji na vipaza sauti kwenye ukumbi wa mikutano wa hoteli moja, na mwaka hadi mwaka aliwasikiliza wataalamu wakizungumzia huduma zinavyouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine. Mengi hayakumwingia. Lakini aliona jambo moja ambalo wataalamu wenyewe hawakuliona: kadiri neno lilivyokuwa gumu, ndivyo vichwa vilivyotikiswa kwa kukubali. Siku alipoacha kazi hakuchukua hata kijiko cha hoteli. Alichukua maneno.

“Samahani, Madamu,” alisema, akichomoa simu yake kwa upole. “Sipendi kuingilia mambo ya ndani. Ila haya si ya ndani. Hii ni biashara ya kimataifa ya huduma.”

“Wewe si ulikuja kuchaji simu?” aliuliza Vidole.

“Mwache aseme,” alisema Madamu, kwa kuwa neno kimataifa lilikuwa limeshamgusa.

“Huduma ina milango minne ya kutokea nchini. Wa kwanza, huduma inavuka mpaka yenyewe, mwenye kuitoa amekaa kwao. Mhasibu anapiga hesabu hapa, anazituma kule kwa kompyuta. Wewe unaweza kumsuka mtu kwa simu?”

“Siwezi.”

“Mlango wa kwanza si wako. Wa pili, mteja anakufuata, kama yule mgeni. Wa tatu, wewe unafungua ofisi kwao, na huo unaitwa uwepo wa kibiashara. Wa nne, mtu halisi anakwenda mwenyewe kuitoa huduma, kwa muda.”

“Mtu halisi?” alisema mwalimu kutoka chini ya kitana. “Kwani wapo bandia?”

“Yupo mtu halisi, ambaye ana mwili. Na yupo mtu wa kisheria, ambaye ni kampuni. Huyo hana mwili lakini ana haki zake.”

“Hana mwili, hana kichwa,” alisema Vidole. “Hasukwi. Hatufai.”

Mshauri alicheka kwa adabu, kama mtu anayevumilia watoto wa wenye nyumba. “Binti akipita mlango wa nne peke yake, anachochuma ni chake. Lakini kama wewe, Madamu, umeshatangulia kwa mlango wa tatu, una ofisi kule, basi yeye si msafiri. Ni mfanyakazi wako unayemhamisha kutoka ofisi yako moja kwenda nyingine. Na kila anachochuma, theluthi inarudi kwako. Mpaka azeeke.”

Uzuri wa uongo wake ni kwamba karibu wote ulikuwa ukweli. Milango minne ipo, mtu halisi yupo, uhamisho wa wafanyakazi upo. Theluthi tu ndiyo haikuwepo mahali popote duniani, na theluthi ndiyo pekee Madamu aliyoisikia.

“Kaa, Mshauri,” alisema. “Mpwa wangu, mletee mgeni maji.”

“Ndege ni Jumapili, Shangazi.”

“Maji kwanza.”

*

Jumapili mchana saluni ya Madamu ilijaa wenye saluni wa mtaa mzima. Watu hawa kwa siku za kawaida walikuwa hawasalimiani. Waliibiana wateja, wakaibiana wasusi, wakasingiziana chawa. Lakini habari ya theluthi iliwaleta pamoja kuliko msiba. Walikaa chini ya madraya ya kukaushia nywele kama wafalme, kila mmoja na mkoba mapajani, na ndani ya mkoba pesa zake za kiingilio cha ofisi ya ng’ambo na makaratasi ya wasichana wake.

Mshauri alikuwa na picha ya mlango. Mlango mzuri wa kioo, na mpini wa shaba. Aliipitisha mkono kwa mkono.

“Huu ndio uwepo wenu wa kibiashara,” alisema.

Waliutazama mlango wa watu kwa upendo ambao hawajapata kuwatazamia wasusi wao. Hakuna aliyeuliza nyuma ya mlango kuna nini.

“Nina swali,” alisema Mama Wigi, mwenye saluni ya kona, aliyevaa bidhaa yake mwenyewe na ilikuwa imekaa upande. “Msichana wangu mmoja hataki kwenda ng’ambo. Anaogopa ndege. Huyo theluthi yake naipataje?”

“Tutaweka kifungu,” alisema Mshauri.

“Weka.”

Akawafunza. Akawaambia juu ya ratiba ya ahadi, ambamo kila nchi huandika ni huduma zipi inazifungulia wageni, na kwa masharti gani. Akawaambia juu ya kipimo cha mahitaji ya uchumi, yaani nchi kujiuliza kama kweli ina upungufu wa wasusi kabla ya kumpokea wa nje. Vichwa vikatikisika. Akanogewa, akataka kuonekana mtu wa haki, ndipo akateleza.

“Na msingi mkuu wa biashara hii,” alisema, “ni kwamba hakuna upendeleo. Fadhila uliyompa mmoja, wape wote, papo hapo, bila masharti.”

“Vizuri sana,” alisema Mama Wigi. “Kwa hiyo Madamu ametoa kiasi gani?”

Vichwa vyote vikamgeukia Madamu, hata draya lililokuwa likinguruma likaonekana limekosa adabu. Madamu hakuwa ametoa kitu. Mshauri alimsamehe kiingilio kwa sababu ya ukumbi, viti, na debe alilompigia mtaani.

“Mimi ni mwenyeji,” alisema Madamu.

“Na sisi ni wote,” alisema Mama Wigi. “Amesema wote. Papo hapo.”

Manung’uniko yakapita chini ya madraya, mikoba ikaanza kufungwa. Mshauri alihisi jasho likimshuka ndani ya koti. Lakini aliwajua watu wake.

“Mama amesema kweli,” alisema taratibu. “Msingi hautaki wote watendewe wema. Unataka watendewe sawa. Na usawa una njia mbili. Ama wote msitoe, ofisi isifunguliwe, twende nyumbani. Ama Madamu naye atoe.”

Waliangaliana. Njia ya kwanza ilikuwa bure, na kila mmoja angebaki na pesa yake. Lakini ya pili ilikuwa na tunda tamu kuliko pesa, nalo ni kumwona Madamu akitoa.

“Atoe,” walisema, na sauti zao zililingana kama za kwaya.

Madamu alitoa. Alitoa kwa mkono uliokaza, akiwatazama mmoja mmoja, akiwaandika moyoni.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi. Mshauri alieleza utambuzi wa vyeti, kwamba cheti cha huku hakina maana kule mpaka kitambuliwe, na nakala haitambuliwi. Basi pasipoti na vyeti vya wasichana wa mtaa mzima vikatoka mikobani na kuingia kwenye begi lake jeusi, juu ya pesa. Vya Vidole vilikuwa vya mwisho. Madamu alivitoa kwenye droo akavibusu.

Kisha ukaja ugomvi wa kibao. Ofisi lazima iwe na kibao, na kibao lazima kiwe na majina, na majina hayawezi yote kuwa ya kwanza. Wakaondoka kwa pamoja kumfuata mchoraji wa vibao, wakisukumana mlangoni, Mama Wigi mbele na Madamu akimvuta kwa nyuma ya gauni.

*

Mshauri alibaki na begi, kioo, na Vidole aliyekuwa akifagia.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Kila mji mpya alifuga ndevu, kwa sababu ndevu huongeza shahada. Kila kazi ikiisha alizinyoa, kwa sababu watu wakiibiwa hukumbuka ndevu tu. Mtu asiye na ndevu alipanda basi, na mwenye ndevu akabaki kutafutwa miezi. Kwa kawaida alinyolewa mji wa jirani. Lakini leo Jumapili vinyozi wamefunga, basi linaondoka hivi punde, na mbele yake kilikuwepo kiti kinacholazwa nyuma.

“Pasipoti yangu imo humo,” alisema Vidole.

“Imo, binti. Mikono salama.”

“Ndege yangu ni jioni hii.”

“Ndege zipo kila siku.”

Vidole hakubishana. Alimtazama jinsi alivyokuwa akijipapasa kidevu mbele ya kioo, mtu aliyebeba pesa za mtaa mzima.

“Unataka kuzipunguza?”

“Unaweza kuzitoa zote?”

“Naweza,” alisema, na kama Mshauri angekuwa anamtazama yeye badala ya kujitazama mwenyewe, angeona kwamba amekwisha kueleweka. “Ila taulo la moto kwanza. Ndevu kama hizo, ukizivamia kavu utachubuka.”

Alikaa. Mkanda wa begi aliuzungushia kifundo cha mguu mara mbili na kufunga fundo, maana mwizi ndiye anayewajua wezi. Kiti kikalazwa, shuka la saluni likamfunika mpaka magotini, taulo likamshukia usoni kama baraka. Joto lilimwingia mpaka kwenye mifupa. Ulikuwa muda mrefu hajaguswa na mtu asiyemdai wala asiyemkamata.

Kandambili zikaburuzika sakafuni.

“Nani huyo?” aliuliza ndani ya taulo.

“Msichana wa Mama Wigi. Anaazima kitana.”

Kandambili nyingine.

“Na huyo?”

“Anarudisha kitana.”

Draya likawashwa, likanguruma.

“Mbona wengi?”

“Jumapili, Mshauri. Kila mtu anataka kupendeza. Tulia, usikunje uso.”

Alitulia. Mguu wake ulihisi mkanda, na mkanda ulihisi begi zito, na hilo lilimtosha. Draya likazimwa. Vidole akamtoa taulo shavu moja tu, akapaka povu, akaanza kunyoa upande wa kulia. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama wa mama anayemlaza mtoto.

“Mshauri, mtu akishafika huko kwa watu, sheria inamlindaje? Wanaweza kumwonea kwa kuwa mgeni?”

“Upo msingi wa kutendewa kama mwenyeji,” alisema, akisinzia. “Ukishaingia kwa haki, wasikutende vibaya kuliko wanavyowatenda wa kwao.”

“Kila mahali?”

“Hapana. Mahali walipoahidi tu. Pasipoahidiwa, utajijua. Uliza kabla ya kusaini chochote.”

Yalikuwa maneno ya kweli kabisa, na ushauri wa kwanza aliowahi kuutoa bila kulipisha.

“Nimesikia,” alisema Vidole. “Ahsante. Ngoja nilete maji ya moto ya upande wa pili.”

Akarudisha taulo usoni, akatoka.

Mshauri alisubiri. Taulo likapoa. Povu likakauka, likaanza kumwasha. Aliita mara moja, akaita tena kwa sauti ya mtu anayejua jibu. Kisha aliketi, akatazama kioo. Nusu yake ilikuwa daktari wa sheria, nusu ilikuwa kuku aliyenyonyolewa.

Alifungua begi. Lilikuwa limejaa nywele za bandia, rangi zote, zimepangwa vizuri kama kazi ya mtu anayejiheshimu, na chini yake magaloni mawili ya shampuu ili begi lisipungue uzito. Pesa hakuna. Pasipoti hakuna hata moja. Aliingiza mkono ndani ya nywele zile mpaka chini, akautoa na shungi jekundu limemnata kidole.

Mlango wa mbele ukafunguliwa kwa kishindo. Alikuwa Madamu, peke yake, amekimbia.

“Mshauri, njoo utoe hukumu. Yule wa kona amemhonga mchoraji jina lake liwe la kwanza, na mimi ndiye mwen—”

Alitazama shavu la kulia, akatazama la kushoto. Akatazama begi. Akatazama mlango wa nyuma uliokuwa wazi, na sakafu ambayo hakuna aliyemaliza kuifagia. Madamu alikuwa na tamaa, lakini hakuwa mjinga; vitu hivyo viwili watu huvichanganya.

“Pesa?”

“Hazipo.”

“Makaratasi?”

“Mpwa wako ni msusi hodari sana, Madamu.”

Mshauri alidhani Madamu atapiga kelele. Hakupiga. Aligeuka, akafunga mlango kwa ufunguo, akaegemea. Nje, mbali kidogo, sauti ya Mama Wigi ilikuwa ikikaribia na wenzake nyuma.

“Nani alikuleta mtaa huu?” aliuliza polepole.

“Wewe.”

“Nani alikupigia debe nyumba hadi nyumba?”

“Wewe, dada yangu.”

“Usiniite dada.” Alivuta pumzi. “Kuibiwa nitavumilia. Wote wameibiwa. Lakini wakikukuta hapa kwenye kiti changu, umeibiwa na mtoto wa kaka yangu, nitachekwa mpaka kaburini. Yule wa kona atahadithia kwenye maziko yangu.”

Sauti zilifika kwenye kibaraza. Mtu akagonga.

“Subirini, ufunguo umekwama,” aliita Madamu kwa sauti tamu ajabu. Akachukua mashine. “Kaa.”

“Madamu, povu limekauka.”

“Kaa.”

Alimnyoa kavu. Alinyoa shavu la kushoto, akanyoa masharubu, akapanda kichwani, na alipofika juu hakuona sababu ya kusimama, akazishusha na nyusi. Mshauri alibana meno machozi yakimtiririka. Kisha Madamu akamvua koti la kijivu, akamvua na viatu vilivyong’aa, akavitia kwenye pipa la nywele zilizokatwa. Akamfunga aproni ya waridi, akamshikisha beseni la maji machafu, akamsukuma kwenye mlango wa nyuma.

“Zunguka jengo, pita mbele yao, mwaga huko mtaroni. Ukirudi nyuma mimi mwenyewe nitakupeleka kituoni.”

Hakusubiri jibu. Alifungua mlango wa mbele, akajitupa kibarazani mikono kichwani, na yowe alilolitoa lilistahili pesa alizopoteza.

“Jamani, tumeibiwa. Amekwenda. Yule mwenye ndevu amekwenda na kila kitu, nimekuta saluni tupu.”

Kulikuwa na vilio vya kila aina. Mmoja alilia pesa, mwingine alilia theluthi, ambayo haijapata kuwepo. Mama Wigi hakulia. Alishika wigi lake kwa mkono mmoja akateremka barabarani, wenzake nyuma yake, na wa kwanza kukutana naye alikuwa mtu mmoja mwenye upara na aproni ya waridi, peku, anamwaga maji.

“Baba, umemwona mtu amepita hapa? Mwenye ndevu, koti la kijivu?”

Mshauri aliinua macho. Upande wa chini wa barabara, kushoto, nyuma ya migongo ya wenye saluni, teksi ilikuwa imefunguliwa buti. Wasichana wa saluni zote walikuwa wameizunguka, kila mmoja na karatasi zake na fungu la pesa kifuani, wakimkumbatia Vidole kwa zamu. Sanduku lilikuwa bado halijaingia. Alihitaji tu kunyoosha kidole kushoto. Ndege ingeondoka bila abiria mmoja, wasichana wangerudi kwenye madroo, na pesa zingerudi pia, ila kwa wenyewe. Kwake yeye isingerudi hata senti. Vidole alikuwa amemwona. Alisimama na sanduku mkononi, hakukimbia, anamtazama.

Mshauri aliwatazama wenye saluni. Aliwatazama wote, na mikoba yao mitupu, na midomo iliyokuwa tayari kununua tena kesho asubuhi kama angetokea mwingine na picha ya mlango mzuri zaidi. Alikuwa amewadharau kwa ajili ya kazi. Sasa aliwadharau kwa hiari yake.

Akaweka beseni chini, akanyoosha mkono kulia, kwenye barabara ya mlimani.

“Amepanda huku, mama,” alisema. “Na anakimbia.”

Wakapanda.